Fumbwa chini ya kivuli: unapanda mara moja, unakata miaka mingi



Somo la leo ni juu ya jani ambalo wote tunalijua vizuri katika sahani, lakini katika shamba ni wachache wanaolijua. Ni fumbwa. Ile inayokatwa nyembamba kama uzi, inapikwa na karanga ya kusaga, mawese na samaki wa moshi, na mgeni akifika hakuna mwenye kuona haya kumwandalia. Katika mikutano tunauliza: juu ya nini mnapanda sombe, mnapanda lengalenga, lakini fumbwa hamuipandi? Jibu ni lile lile fasi zote: "Fumbwa iko kitu ya pori, Mungu mwenyewe ndiye anaipandaka."

Ni kweli aliipanda. Lakini sisi ndio tunaoing'oa, tena haraka kuliko vile inaweza kurudi. Angalieni namna inavyochumwa. Kamba imepanda juu ya mti. Mchumaji anaivuta kwa nguvu mpaka ikatike au itoke na mizizi yake. Ikikataa kushuka, mti mzima unaangushwa kwa ajili ya majani ya kujaza kitunga kimoja. Kesho yake pale hakuna kamba tena, na hakuna mti wa kamba nyingine kupandia. Ndiyo maana mama aliyekuwa anachuma nyuma ya kijiji leo anatembea nusu siku, anaingia katika pori la watu wengine, na pengine anakutana huko na watu wenye silaha. Bei ya sokoni inapanda, lakini ile faida anaiacha njiani.

Tunaandika somo hili kwa sababu fumbwa inaweza kurudi karibu na nyumba, na fasi ya kuiweka wengi mnayo tayari. Ni chini ya kivuli. Tumezoea kuhesabu kivuli kama udongo uliokufa: mahindi hayakitaki, maharagwe yanaoza, mihogo inakuwa mirefu bila mizizi. Fumbwa iko kinyume. Katika pori inaanza maisha yake chini ya miti mikubwa, na jua kali la kutwa nzima ndilo linaloitesa. Tena si mboga ya msimu mmoja. Ikishika vizuri, inakatwa na kuchipuka, inakatwa na kuchipuka, mwaka baada ya mwaka.

Ni mmea wa namna gani?

Fumbwa ni kamba ya pori. Majani yake ni magumu kidogo, yanang'aa, ya kijani kizito, na yanatoka mawili mawili yakiangaliana kwenye kila kifundo cha shina. Kuna aina mbili katika Afrika ya kati. Ya kwanza wataalamu wanaiita Gnetum africanum, yenye majani membamba zaidi. Ya pili ni Gnetum buchholzianum, ambayo majani yake ni mapana na mazito. Zote zinaliwa. Majirani zetu wanaipenda kama sisi, kwa majina yao: Kamerun ni eru ao okok, Afrika ya Kati na Kongo-Brazzaville ni koko, Nigeria ni okazi ao afang. Katika nchi hizo zote malalamiko ni yale yale, kwamba pori la karibu limekwisha. Kamerun walianza mapema kutafuta dawa ya jambo hili: katika bustani ya mimea ya mji wa Limbe, tangu miaka ya 1990, walifanya majaribio ya kuiotesha kwa vipande vya shina, na mengi katika njia tunayoeleza hapa chini yametokea huko.

Jambo moja linashangaza wakulima wengi. Fumbwa haina maua ya kweli kama maharagwe ao kahawa. Kwa ukoo wake iko karibu zaidi na pini na sipre kuliko na mboga nyingine yoyote ya shambani. Tena kuna kamba dume na kamba jike, mbali mbali. Kamba jike ndiyo inayozaa mbegu, ikiwa dume iko karibu. Kwa mtu anayetaka majani, hiyo haina neno, zote mbili zinatoa majani. Lakini ukikata vipande, usivitoe vyote kwenye kamba moja. Chukua kwenye kamba nyingi, za fasi mbali mbali, ili bustani yako iwe na dume na jike, na ugonjwa ukija usikute zote ni ndugu wa tumbo moja.

Na mbegu? Unaweza kuzijaribu, lakini mbegu ya fumbwa ni mvivu. Inaweza kukaa mwaka mzima ao zaidi bila kuota, na wakati huo panya na ndege wanakuwa wamekwisha kuikuta. Kwa hiyo tunashauri vipande.

Kivuli gani?

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo bustani nyingi zinaponea ao zinapofia.

Kivuli si giza. Ukiiweka fumbwa fasi ambayo jua haliingii hata kidogo, itatoa shina refu, jembamba, lenye majani machache, likitafuta mwanga. Ukiiweka fasi ya wazi, majani yanakuwa madogo, yanageuka manjano, yanaungua pembeni. Inataka kitu cha katikati. Kipimo chetu ni rahisi na hakiombi chombo: nenda pale saa sita ya muchana, siku ya jua, uangalie chini. Ukiona madoa ya mwanga na madoa ya kivuli yamechanganyika, karibu nusu kwa nusu, pale ni pazuri. Ukiona kivuli kitupu, punguza matawi. Ukiona mwanga mtupu, panda kwanza miti, kiisha ungoje.

Fasi zinazofaa ni nyingi kuliko tunavyofikiri. Shamba la zamani lililoachwa miaka kadhaa, lenye miti iliyojiotea. Chini ya ngazi za zamani. Pembeni ya kahawa yenye miti ya kivuli. Nyuma ya nyumba, chini ya savoka ao mwembe, ikiwa mwembe wenyewe haujafunga kila kitu. Ndizi zinaweza kusaidia mwanzoni kwa kutoa kivuli, lakini hazifai kama mti wa kupandia, kwa sababu mgomba ukizaa unakatwa na kamba inaanguka nayo. Fasi ambayo maji yanatuama baada ya mvua, usiichague. Fumbwa inataka udongo wenye unyevu, lakini haitaki mizizi yake iogelee.

Kuotesha vipande

Kazi hii inataka uangalifu zaidi ya nguvu. Tena ni kazi nzuri ya kufanya kwa kikundi, kwa sababu sanduku moja linatosha watu wengi.

Tengenezeni sanduku la mbao ao la matofali, chini ya mti. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila kuingia na miguu. Ndani, chini na pembeni, wekeni plastiki isiyo na tundu, ili maji yasitoroke. Kiisha jazeni hivi: chini kabisa mawe, juu yake kokoto, juu kabisa mchanga wa mtoni uliooshwa vizuri, ao unga wa mbao wa zamani uliokwisha kuoza. Tabaka hilo la juu liwe na sentimita 10 hivi. Simamisheni kipande cha mwanzi kilicho wazi katika pembe moja, kishuke mpaka kwenye mawe. Mwanzi huu ni jicho lenu: kwa hapo mtamimina maji, na kwa kutumbukiza kijiti mtajua yamefikia wapi. Maji yajaze mawe na kokoto, yasifike katika mchanga. Mchanga utayavuta wenyewe, kidogo kidogo. Juu ya sanduku wekeni kifuniko cha plastiki inayopitisha mwanga, kilichofungwa kwenye fremu ya miti, kinachofunika vizuri. Ndani kutakuwa na joto lenye unyevu, kama katika pori asubuhi baada ya mvua, na hiyo ndiyo hali kipande kinayoitaka.

Sasa vipande. Kateni asubuhi mapema, kwenye kamba yenye afya, kwa kisu kikali ao sekateri iliyosafishwa. Acheni ncha laini ya juu, inaoza. Acheni na shina la zamani lililokuwa gumu kama mti, linachelewa sana. Sehemu ya katikati ndiyo nzuri. Kila kipande kiwe na kifundo kimoja ao viwili, na majani yake. Majani msiyatoe yote, juu ni yenyewe yatakayolisha kipande mpaka kipate mizizi. Lakini yakateni nusu, ili yasipoteze maji mengi. Wekeni vipande katika kitambaa chenye maji wakati wa kuvibeba. Mtu anayevitembeza juani saa tatu, kiisha anakuja kulalamika kwamba havikuota, tusimhurumie.

Chomekeni kila kipande katika mchanga, kifundo cha chini kikiwa ndani, majani yakiwa nje na yasigusane sana. Funikeni. Kuanzia siku ile, kila asubuhi mtu mmoja anafungua, ananyunyiza maji kidogo juu ya majani, anaondoa jani lolote lililooza, anafunga. Basi. Msichimbue vipande kuangalia kama vimeota. Tunajua mkono unawasha, lakini kila ukikichomoa unavunja mizizi midogo midogo. Kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8 vingi vinakuwa vimeshika. Vingine vinachelewa zaidi, na ikiwa bado ni kijani, muviache.

Kipande chenye mizizi kinahamishwa katika sashe yenye udongo mweusi wa juu uliochanganywa na mchanga kidogo. Hapa kuna siri moja ya pori: mizizi ya fumbwa inaishi pamoja na namna ya uyoga wa udongoni, unaoisaidia kupata chakula. Kwa hiyo chukueni udongo kidogo chini ya kamba ya fumbwa ya pori, na mweke kiganja kimoja katika kila sashe. Miche inabaki katika pepinieri, chini ya kivuli, miezi 3 hivi, mpaka itoe machipukizi mapya. Wiki mbili za kwanza muifunike kwa plastiki, kiisha mfungue kidogo kidogo, izoee hewa ya nje.

Ukijumlisha yote, kutoka kukata vipande mpaka kupanda shambani ni kama miezi 5. Fanyeni hesabu kwa kurudi nyuma. Upande wa Kindu, ambapo kiangazi kinashika kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8, mtu anayetaka kupanda na mvua za kwanza za mwezi wa 9 akate vipande vyake mwezi wa 4. Upande wa Kisangani mvua haikosekani karibu mwezi wowote, lakini tunashauri kukwepa kupanda katika mwezi wa 12 na wa 1, wakati inapopungua.

Kupanda shambani

Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, chini ya mti ambao kamba itaupanda. Tenga udongo wa juu, uchanganye na komposti ao mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri, urudishe. Pasua sashe na uiondoe, usiiache shimoni. Kati ya mche na mche acha mita 1. Katika kiwanja cha mita 10 kwa mita 10 unapata kama kamba 100, na hizo zinatosha kuanza.

Kamba inataka kitu cha kushika. Fito zilizokauka zinaliwa na mchwa na zinaanguka baada ya mwaka mmoja ao miwili, wakati fumbwa ndiyo inaanza kutoa. Afadhali miti iliyo hai: gilirisidia ao miti mingine midogo ya kwenu inayoota kwa kuchomeka tawi. Iacheni ifike kimo ambacho mkono wa mama unafika, kiisha mkate kichwa chake. Kamba iliyopanda mita 8 juu ina majani mengi, lakini ni majani ya ndege. Faida yote ya bustani ni kwamba hakuna mtu wa kupanda mti, wala kuuangusha.

Palilia kwa mkono kuzunguka shina, si kwa jembe. Funika udongo na majani makavu, lakini acha nafasi kidogo karibu na shina lenyewe. Konokono na panzi wanapenda machipukizi. Pitia asubuhi mapema uwatoe kwa mkono. Adui mkubwa kwa kweli ni mbuzi. Mbuzi mmoja akiingia muchana mmoja, kazi ya mwaka imekwisha, na baada yake ni kesi na jirani. Jengeni ua kabla ya kupanda, si baada.

Mwaka wa kwanza kamba inaonekana kama imelala. Inatengeneza mizizi kwanza. Wengi wanakata tamaa hapo na kupanda ndizi juu yake.

Angalisho juu ya kakao

Tunajua wanachama wengi siku hizi wanapanda kakao, na swali linakuja mara moja: je, fumbwa chini ya kakao? Kivuli kinafaa. Lakini tuko na maneno mawili.

La kwanza, kamba isipande juu ya kakao yenyewe. Maua na matunda ya kakao yanatoka kwenye shina na matawi makubwa. Kamba ikiyafunika, inazuia kuvuna, na unyevu unaobaki pale unaleta kuoza kwa matunda. Wekeni mti wake wa kupandia kati ya mistari.

La pili ni kubwa zaidi. Watu wanapuliza dawa kwenye kakao: dawa za kuzuia kuoza, dawa za kuua wadudu. Kile kinachopulizwa juu kinaanguka chini, na chini ndipo ilipo mboga yako. Jani la fumbwa linaliwa lenyewe, halina ganda la kutupa. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: shamba la kakao linalopulizwa dawa, fumbwa isipandwe ndani yake kwa kuliwa wala kwa kuuzwa. Tunajua kuna wanaosema mvua inaosha. Dawa nyingine zinaingia ndani ya jani, na hakuna mvua inayofika huko. Chagueni kona isiyopulizwa, mbali na upande ambao upepo unapeleka dawa, na mkubaliane na mwenye kupuliza, hata kama mwenye kupuliza ni bwana yako.

Kukata bila kuua

Mkato wa kwanza unakuja kwa kawaida baada ya miezi 6 hadi 9 shambani, ao zaidi kama udongo ni maskini. Usihesabu miezi tu; angalia kamba. Ikiwa imetoa mashina kadhaa yenye majani ya kijani kizito, iko tayari. Ikiwa bado na shina moja jembamba, ipe muda.

Kata shina kwa kisu, usivute. Acha sentimita 20 hadi 30 kutoka chini, na hesabu kwamba kuna vifundo viwili ao vitatu vilivyobaki, maana machipukizi mapya yatatoka hapo. Majani machanga, yale ya kijani chepesi, yaache: hayana uzito sokoni na kamba inayahitaji. Baada ya kukata, kamba ipumzike miezi 3 ao 4.

Namna moja inayosaidia ni kugawa bustani katika sehemu nne. Kamba zako 100 zinakuwa makundi manne ya 25. Mwezi huu unakata kundi la kwanza, mwezi ujao la pili, hivyo hivyo. Ukifika la nne na kurudi kwenye la kwanza, limekwisha kupumzika miezi 4. Unakuwa na majani ya kuuza kila mwezi, na hakuna siku utakayokata zote kwa sababu ya deni la masomo ya watoto. Tunasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu mwezi wa 9, wakati shule zinafunguliwa, ndipo bustani nyingi zinakatwa mpaka chini.

Udongo wa nani, kamba ya nani?

Jambo hili halimo katika vitabu vya kilimo, lakini linaweza kuharibu kila kitu tulichoandika juu.

Fumbwa ni mmea wa miaka mingi. Katika vijiji vyetu, mtu aliyeazimwa shamba anaruhusiwa mihogo, maharagwe, karanga, vitu vya msimu. Akipanda kitu cha miaka mingi, mwenye udongo anaona kama anataka kuuchukua. Kwa hiyo kama udongo si wako, usipande kwanza na kueleza baadaye. Nenda kwa mwenye udongo, na kwa chefu wa kijiji kama desturi inataka, mkubaliane: ni kiwanja gani, ni miaka mingapi, na mwisho wake kamba zitakuwa za nani. Muandike katika karatasi, mashahidi watie sahihi, kila mtu abaki na yake.

Na katika nyumba? Fumbwa ya pori imekuwa kazi ya wamama: wanachuma, wanakata, wanauza, wananunua chumvi na sabuni. Tumeona na mazao mengine kwamba kitu kikiwa cha pori ni cha mama, kikianza kuleta pesa nzuri shambani kinakuwa cha baba. Wababa, msikasirike, tunaomba tu muongee mapema, kabla ya shimo la kwanza. Nani atanyunyiza maji? Nani atashika pesa? Koperative inaweza kusaidia kwa kuandika kila bustani kwa jina la yule anayeilima.

Kuuza

Fumbwa ina faida moja juu ya lengalenga na mboga nyingine laini: haiharibiki siku ile ile. Ikifungwa vitita na mashina yake, ikafunikwa na majani ya mgomba ao mangongo yenye unyevu, ikawekwa kivulini, inavumilia siku kadhaa za njia. Iliyokwisha kukatwa nyembamba haivumilii hivyo. Kwa hiyo isafirishwe na majani mazima, na kukatwa kufanyike pale pale sokoni, mbele ya mnunuzi. Mnunuzi naye anapenda kuona jani zima kabla halijawa uzi.

Kabla ya kupeleka mzigo wa kwanza, andikeni katika kayee mambo haya: vitita vingapi, uzito wa kitita kimoja, bei ya pikipiki ao mtumbwi, pesa za bariere. Bariere zinakula sana, na mzigo mdogo mdogo wa kila mtu unalipa mara nyingi kuliko mzigo mmoja wa kikundi. Kama wanachama 8 wanakata siku moja na kumtuma mtu mmoja, hesabu inabadilika. Vitita viwe vya kipimo kimoja, kwani kitita kimoja chenye majani ya manjano katikati kinashusha bei ya vyote.

Wakati wa kuuza, acheni kamba 10 ao 15 zisizokatwa kwa soko hata siku moja. Hizo ndizo kamba-mama za vipande vya mwaka ujao. Zifungieni kitambaa chekundu, ili hata mtoto aliyetumwa kuchuma mboga ya jioni ajue kuzipita. Na sanduku la kuotesha libaki na watu wawili waliotajwa kwa jina, wa kulifungua kila asubuhi, pamoja na siku ya Mungu na siku ya soko. Kwa kikundi cha watu 10, sanduku la mita 1 kwa mita 2 linatosha kuanza. Plastiki ndiyo kitu cha kununua. Mawe, mchanga, mwanzi na vipande vyenyewe viko kwenu.